Chenga kwenye picha za chini ya maji: takataka zinazojificha kati ya kasha na lenzi ya kukuzia

Mwana_Utende (mleta mada)

Habari za humu wakuu.

Uzi huu nimeuweka kiporo muda mrefu. Kila nikikaa kwenye boti na mtu mwenye kamera hapa Utende, Mafia, swali ni hilohilo: "Mbona picha zangu za viumbe wadogo zinatoka na chenga?" Mmoja alishanunua flashi mpya. Mwingine alirudisha kamera dukani. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye nafasi ya upana wa kidole kimoja, kati ya kioo cha kasha na lenzi ya kukuzia inayofungwa kwa mbele.

Kwa ambaye hajaitumia: kamera inakaa ndani ya kasha lisiloingiza maji. Ukitaka kupiga kiumbe wa ukubwa wa punje ya mchele, unafunga lenzi nyingine nje ya kasha, kwa hesi (makasha madogo mengi ni milimita 52, makubwa 67) au kwa kishikio cha bawaba kinachokuwezesha kuipandisha na kuishusha. Ukiwa majini, ile nafasi kati ya lenzi na kioo inajaa maji ya bahari. Maji hayo yakiwa na uchafu, kila picha unaipiga kupitia uchafu huo.

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza mbizi nzima kwa jambo hili. Ilikuwa ndani ya ghuba ya Chole, mita 14, nikamkuta konokono asiye na gamba juu ya sifongo, mwili wa buluu, ukingo wa njano, anataga. Utepe wa mayai unatoka polepole na kujizungusha kama mkufu. Nilikaa naye dakika arobaini, nikapiga picha sitini na kitu. Nyumbani nikafungua kompyuta: kila picha, upande wa juu kushoto, ina wingu jeupe kama mtu aliyepumulia kioo. Zote sitini. Nikarudi kwenye ndoo, nikafungua lenzi taratibu juu ya sahani nyeupe. Vikatoka unyuzi wa jani la bahari wa urefu wa ukope, chembe tatu za mchanga, na uzi mwekundu wa taulo langu.

Ule uzi mwekundu ndio uliobadilisha fikra zangu. Jani na mchanga ni mali ya bahari, lakini uzi wa taulo niliuleta mimi kutoka chumbani. Tangu siku hiyo nimekuwa nachunguza kila kinachotoka kwenye pengo lile, na nasema kwa uhakika: sehemu kubwa ya takataka tunazibeba wenyewe au tunazialika kwa jinsi tunavyofunga lenzi. Bahari hatuwezi kuichuja, ila mlango tunaufungua sisi.

Nitaeleza ninavyofanya. Lenzi siifungi bandarini wala kwenye boti. Naibeba pembeni, kwenye kishikio kilichopo kwenye mkono wa flashi, au shingoni ndani ya kikopo chake. Siiweki kwenye mfuko wa jaketi ya kuelea, maana mifuko ile ina mchanga wa mbizi zote za mwezi. Nashuka. Nikibakisha mita nne au tano kufika chini, kwenye maji ya katikati, nasimama. Hapo ndipo maji ni masafi kuliko juu na kuliko chini. Naupa mkondo uso, ili mapezi yangu na mapovu yangu yabaki nyuma. Naipunga lenzi mara kadhaa majini, napitisha nyama ya kidole gumba kwenye kioo chake pande zote mbili, kisha kwenye kioo cha kasha. Kidole kikiwa kimelowa kinaondoa viputo ambavyo kitambaa hakiwezi, na nasikia kwa ngozi kama kuna chembe. Naelekeza kioo cha kasha juu, naweka lenzi, nazungusha hesi mizunguko miwili tu bila kukaza. Nalaza kamera kushoto, kulia, naacha viputo vitoke kwenye vitundu vya pembeni. Halafu nakaza, kwa vidole viwili, si kwa nguvu.

Yote hayo ni dakika moja na nusu. Karibuni, leteni na ya kwenu.

DadaMwani

Asante sana mleta mada. Mimi niko Jambiani, natumia kamera ndogo, Olympus TG-6 na kasha lake. Swali langu: nitajuaje kama chenga ziko kwenye hilo pengo au ziko kwenye maji yaliyo mbele ya kamera? Huku kwetu maji yakipwa yanakuwa kama maziwa, kwa hiyo siku zote nimeyalaumu maji.

Mwana_Utende

Dada, swali lako ndilo nililopaswa kuanza nalo. Ukikosea hapa utahangaika na dawa ya ugonjwa mwingine.

Kwanza angalia umbo. Chenga za mbele ya lenzi ni nukta nyeupe nyingi, zimetawanyika, baadhi kali, baadhi zimefifia, na kila picha zinakaa mahali tofauti. Kitu kilichopo kwenye pengo kipo karibu mno na lenzi kiasi kwamba hakiwezi kuonekana kikiwa kikali. Kinatoka kama doa la kijivu lisilo na kingo, au kama kikipigwa na mwanga wa flashi, kama duara jeupe la ukungu. Kamera ndogo kama yako zinaonyesha zaidi hayo madoa ya kijivu, kwa sababu tundu la lenzi yake linalopitisha mwanga ni dogo sana na chembe moja inaziba sehemu kubwa yake. Kamera kubwa huonyesha zaidi ukungu na rangi kupauka.

Kisha fanya jaribio hili, silipiti mbizi yoyote. Zima flashi. Funga hilo tundu la mwanga kadiri kamera inavyoruhusu. Kwenye kamera kubwa napeleka f/22, yaani tundu dogo sana. Elekeza kamera kwenye buluu tupu, mbali na chini. Piga picha mbili mfululizo. Doa likiwa limehama kati ya picha ya kwanza na ya pili, ni kitu kinachoelea. Likiwa halijahama, legeza lenzi robo mzunguko, upige tena. Doa likizunguka pamoja na lenzi, limeganda kwenye lenzi. Likibaki palepale, vua lenzi kabisa upige ya nne. Likitoweka, lilikuwa limeshikwa ndani ya pengo na limetoka na maji. Likibaki, basi liko kwenye kioo cha kasha au ni vumbi kwenye sensa ya kamera, kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Doa la sensa utalijua: ni dogo, lina kingo zinazoonekana, na likikutokea baharini litakutokea na nchi kavu.

Kuna jambo jingine linaloniaminisha kwamba pengo linahusika kuliko watu wanavyodhani. Lenzi ya kukuzia ya nguvu 10 inakutaka uwe sentimita 10 au pungufu kutoka kwa kiumbe. Ya nguvu 5, sentimita 20. Sasa maji yaliyopo kati yako na konokono ni kidogo sana hata kama bahari ni chafu. Ukiona chenga nyingi kwenye picha ya sentimita saba, shuku pengo kabla hujashuku bahari.

Watamu_Bahari

Salamu kutoka Watamu. Mimi nimechoka na mambo ya vitundu vya pembeni. Mbona tusizibe tu pengo lote kwa tepu nyeusi tukiwa nchi kavu? Hewa inabaki ndani, safi kabisa, hakuna mchanga wala mwani. Nafikiria kujaribu wikendi hii.

Fundi_Oringi

Watamu_Bahari, usijaribu ndugu yangu. Natengeneza vifaa vya mbizi na nimeletewa kasha lililofanyiwa hivyo.

Piga hesabu. Lenzi ya milimita 67 ina eneo la sentimita za mraba kama 35. Ukishuka mita 10, maji yanaongeza shinikizo la takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Maana yake hewa uliyoifungia ndani bado ni ya juu ya maji, na nje kuna uzito wa kilo 35 unaoisukuma lenzi kwenye kasha. Mita 20, kilo 70. Tepu itaachia kabla ya hapo na maji yatapenya kwa kasi yakiwa na kila uchafu uliopo pembeni. Isipoachia ni mbaya zaidi, maana hesi inakaa chini ya mzigo ambao haikutengenezewa na lenzi haifunguki mpaka urudi juu. Vitundu vile vya pembeni vimewekwa makusudi.

Na hata ukifanikiwa, kuna suala la jinsi lenzi inavyopinda mwanga. Mahesabu ya lenzi hizo yamefanywa kwa kudhani kuna maji nyuma yake. Ukiweka hewa, picha haikai sawa.

Watamu_Bahari

Nimeelewa fundi, nimeacha. Basi nijibu na hili: mbona nisitumie kile kioo cha kukuzia cha nchi kavu, ambacho ni bei ya chakula cha mchana? Nikakifunga kwa mbele hivyohivyo.

Fundi_Oringi

Kioo kinapinda mwanga kwa sababu ya tofauti kati yake na kinachokizunguka. Hewani tofauti ni kubwa. Majini ni ndogo, kwa hiyo kioo cha kawaida kikizungukwa na maji pande zote kinabaki na theluthi moja hivi ya nguvu yake. Ndiyo maana lenzi zilizotengenezwa kwa kazi ya majini zina vioo viwili au zaidi vilivyofungiwa hewa katikati. Kukuza hakutokani na maji yaliyoko kwenye pengo, kunatokana na hiyo hewa iliyofungiwa.

Hapo mjue pia kuna ukungu wa aina ya pili. Ukiona ukungu au mstari wa maji *ndani* ya lenzi yenyewe, hakuna kidole kitakachoufikia. Hiyo imevuja, ipeleke kwa fundi. Na ukungu wa aina ya tatu ni ndani ya kasha, kamera ikipata joto na maji yakiwa baridi. Dawa yake ni vifuko vya kunyonya unyevu na kulifunga kasha mahali pakavu. Watu wanachanganya hizi tatu.

Mzee wa Ujiji

Vijana, nafuatilia kwa makini. Mimi napiga picha Ziwa Tanganyika, samaki wadogo wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono yaliyokufa. Maji yetu ni matamu na siku za kiangazi yanang'aa. Huku najaza lile pengo kwa maji ya chupa kabla ya kuingia, nafunga, naingia. Napata picha safi. Mwaka jana nilikuja Mafia kumtembelea binti yangu, nikafanya vilevile baharini. Picha zikatoka zinacheza kama hewa ya juu ya lami mchana. Nilidhani lenzi imeharibika. Nielimisheni.

Mwana_Utende

Shikamoo mzee wangu. Lenzi yako ni nzima. Maji ya chumvi yanapinda mwanga zaidi kidogo kuliko maji matamu: karibu 1.34 dhidi ya 1.33. Tofauti ni ndogo, lakini maji hayo mawili yanapokutana hayachanganyiki papo hapo. Yanajiviringisha kama sukari inavyoyeyuka kwenye glasi ya chai ya rangi ukiangalia kwa pembeni. Ziwani una maji matamu ndani na matamu nje, hakuna mviringo. Baharini una aina mbili ndani ya pengo moja, na kwa sababu ya vitundu vya pembeni zinaendelea kubadilishana dakika nyingi. Kwa huku, jaza pengo kwa maji ya hapohapo ulipo.

Nimeshajaribu kuchota maji ya bahari asubuhi, kuyachuja kwa kitambaa, na kujazia pengo kwenye boti. Yanasaidia kwa dakika kumi za mwanzo, kisha bahari inaingia na kuchukua nafasi yake. Sikuona thamani ya kazi hiyo.

Mzee wa Ujiji

Marahaba mwanangu. Sasa imeniingia.

Kijana_Misali

Mkuu, umesema usifunge lenzi juu ya maji. Mimi hapa Pemba huwa naifunga nikiwa naelea kabla ya kushuka, kwa sababu chini mkondo unanisukuma. Kuna ubaya gani hasa?

Mwana_Utende

Kijana, umewahi kuona wakati wa kaskazi, bahari ikitulia, mistari ya kahawia juu ya maji kama mtu amemwaga unga wa mbao? Wavuvi wengi wanafikiri ni mafuta ya meli. Ni viumbe hai, bakteria wanaoitwa Trichodesmium, wanaokusanyika kwa nyuzinyuzi ndogo zinazoonekana kwa macho. Wana vifuko vya gesi ndani yao, kwa hiyo wanaelea juu kabisa, sentimita chache za mwanzo. Ukifunga lenzi hapo, umechota supu hiyo na kuifungia. Kaskazi ilipokuwa inapamba moto nilifungua lenzi ya mgeni aliyefunga juu, ndani mlikuwa kama kuna unga wa mihogo.

Bado juu ya maji kuna mafuta ya kujipaka jua, vipande vya mwani, manyoya ya ndege, na viputo vya mtu aliyejirusha kutoka botini. Vyote vinaelea, kwa hiyo vyote viko pale unapofungia wewe. Shuka mita tatu tu chini yake utaona tofauti.

Kuhusu mkondo una haki. Misali mkondo una nguvu, na hapa kwetu lango la Kinasi ni hivyohivyo. Hapo panga na saa ya maji. Mimi nazamia kwenye maji yanayojaa, nikifikia mwisho wa kujaa. Maji yanayojaa yanaingia ghubani kutoka bahari kuu, ni masafi na ya buluu. Yakianza kupwa, yanatoka na kila kilichokuwa kwenye mikoko na kwenye majani ya bahari, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi, yanatoka kwa fujo. Siku za maji mafu ndizo siku zangu za viumbe wadogo: mkondo unalegea, na huku kwetu kujaa kunakwisha karibu na saa nne asubuhi, muda mzuri kabisa wa jua. Bamvua naziachia picha za samaki wakubwa.

Na tukubali kwamba kuna siku bahari haitaki. Upande wa Kilindoni, papa potwe wanapokuja kati ya Oktoba na Machi, wanakuja kwa sababu maji yamejaa chakula, na chakula chao ndizo chenga zetu. Siku hiyo mimi sibebi lenzi ya kukuzia.

DadaMwani

Nimefanya lile jaribio la picha nne jana. Doa moja lilihama, moja lilizunguka na lenzi. Nikasugua kwa kidole, lile la lenzi likatoka. Lakini lile linaloelea nililitoa, nikapiga picha tano, likarudi lingine. Nifungue na kufunga mara ngapi jamani? Hewa inaisha.

Fundi_Oringi

Dada, nenda duka la dawa ununue ile pampu ndogo ya mpira ya kunyonyea kamasi za watoto. Ile ya kichwa laini. Ifunge kwa kamba kwenye jaketi, bila kuitoboa. Chini ya maji unaijaza maji ya katikati, unaweka ncha yake kwenye kitundu cha pembeni cha lenzi, unaminya taratibu mara tatu. Maji machafu yanatokea kitundu cha upande wa pili. Huhitaji kufungua chochote. Ukiminya kwa nguvu utaingiza viputo, kwa hiyo hakikisha imejaa maji yenyewe kwanza.

Mwana_Utende

Hii ya fundi naiunga mkono kwa mikono miwili, naitumia mwaka wa tatu sasa. Tahadhari moja: usichote maji ukiwa umekaribia mchanga. Niliwahi kuijazia chini, nikapuliza mchanga mtupu ndani ya pengo.

Niongeze la pili, ambalo limenisaidia zaidi ya yote baada ya kidole. Nilikata mkono wa suti yangu ya kuzamia iliyochakaa, kipande cha upana wa sentimita tatu, nikakivalisha kwenye ile sehemu ya pengo kama bangili. Nakivuta mahali pake baada ya kufunga lenzi na kutoa viputo. Hakizuii maji kubadilishana, yanapenya pembeni taratibu, kwa hiyo lile tatizo la shinikizo alilolieleza fundi halipo. Ila kinazuia mchanga na majani kuingia kwa mkupuo, na kinazuia *mwanga*.

Hilo la mwanga watu hawalifikirii. Chembe isiyopigwa na mwanga haionekani sana. Madoa mengi meupe yanatokea kwa sababu flashi au taa ya kulengea imekaa mbele mno, na mwanga wake unaingia kwenye pengo kwa pembeni na kuwasha kila kilichomo. Rudisha flashi nyuma ya ukingo wa lenzi. Ukiona mduara wa mwanga kwenye kioo cha kasha ukichungulia kwa pembeni, bado ziko mbele.

Kipande cha suti kioshe sana kabla hujakitumia. Kikikatwa upya, kingo zake zinatoa punje nyeusi. Mimi nilikisugua kwa brashi ya viatu na sabuni, nikakiloweka usiku mzima, na bado mbizi ya kwanza nilikuta punje mbili.

Kijana_Misali

Na usiku? Mbizi za usiku kwangu ndio balaa. Nikikaa dakika tano mahali pamoja, lenzi inajaa vitu vinavyotembea.

Mwana_Utende

Hivyo vinakuja vyenyewe. Minyoo midogo na vijikamba visivyozidi milimita moja mbili vinafuata taa yako kama kumbikumbi. Vikifika kwenye taa vinatafuta mwanga ulipo mkali, na pengo la lenzi lipo hapohapo karibu. Niliwahi kumfungua mnyoo mmoja mwekundu aliyekuwa anazunguka ndani ya lenzi kama mtu aliyepotea njia ndani ya msikiti mkubwa.

Tumia taa nyekundu kulengea, wengi wao hawaijali. Kama huna, iwashe nyeupe wakati wa kulenga tu na uizime. Usikae mahali pamoja zaidi ya dakika mbili. Na usiku ndipo kile kipande cha suti kinalipa gharama yake yote.

Watamu_Bahari

Vipi kuhusu bawaba? Nina kishikio cha bawaba, ni raha kwa sababu lenzi napandisha na kushusha bila kufungua hesi. Lakini naona kila nikishusha inaingiza kitu.

Mwana_Utende

Naipenda na naichukia bawaba. Inapofunga, inasukuma maji kama mlango unaobamizwa, na kilichokuwa karibu kinavutwa ndani. Ukishusha ukiwa umelala tumbo juu ya mchanga, umemaliza. Mimi nainuka nusu mita, naipandisha na kuishusha polepole mara mbili ili ijisafishe, halafu naishusha ya mwisho nikiwa bado juu, ndipo nashuka kwa kiumbe. Faida yake ni kwamba kusafisha ni rahisi: unafungua, unapitisha kidole, unafunga.

Nikiwa hapo niseme na hili, kwa heshima. Ghuba ya Chole iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia tangu 1995. Nimeona watu wakishika matumbawe ili watulie, wakipiga mapezi mpaka tope linasimama kama moshi, kisha wanalalamika chenga. Yule konokono hana pa kukimbilia. Jifunzeni kuelea kwanza, bila kugusa chochote, ndipo mbebe lenzi ya nguvu 10. Naliomba hili kwa dhati.

DadaMwani

Tumalizie na kuosha. Huku kwetu boti ina ndoo moja ya wote, na maji ya kisima yana chumvichumvi.

Mwana_Utende

Ile ndoo ya wote ndiyo iliyonipa nyuzi za watu na mafuta ya jua ya nchi saba. Nabeba kopo langu la plastiki lenye mfuniko, la lita mbili, lililokuwa la siagi. Nalijaza maji ya mvua au ya chupa. Lenzi inaingia humo ikiwa bado imelowa bahari, haipati nafasi ya kukauka. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi; ikikaukia kwenye hesi inashikilia mchanga, na siku ya pili ukizungusha unasikia *krr*. Sauti hiyo ni alumini inasagika, na unga wake unaishia kwenye pengo. Ukiisikia, simama, fungua, rudisha kwenye kopo.

Hesi naisugua kwa mswaki laini. Grisi siipaki kwenye hesi ya lenzi, grisi ni ya oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji kuingia kwenye kasha. Kwenye hesi inakuwa gundi ya mchanga. Kukausha, tumia kitambaa laini cha miwani au leso ya pamba iliyofuliwa mpaka imechuja. Taulo, hapana.

DadaMwani

Nimerudi wakuu. Nimenunua pampu, nimekata suti ya kaka yangu (kwa ruhusa yake). Leo asubuhi, mita 9, nimempata kamba mdogo wa kung'aa juu ya ua la bahari, miguu yake unaihesabu. Picha 22, safi 19. Zilizobaki tatu zina doa la kijivu chini kulia, halihami, halizunguki, na nikivua lenzi bado lipo.

Fundi_Oringi

Piga ukuta mweupe nyumbani, kamera ikiwa nje ya kasha.

DadaMwani

Nimepiga. Halipo.

Fundi_Oringi

Basi ni kioo cha kasha, kwa ndani. Fungua kasha, chungulia kwa tochi kwa pembeni, utaona alama ya kidole. Ulibadilisha betri kabla ya zile tatu au baada?

DadaMwani

Zile tatu ndizo za mwisho, betri nilibadilisha kabla yake. Ipo. Alama ya kidole gumba, wazi kabisa.

Mwana_Utende

Safi sana dada, mpige kamba mwingine na utuwekee hapa. Walioko Mafia: maji mafu yanaanza Jumatano. Alhamisi tunatoka Utende saa mbili asubuhi, nafasi mbili zimebaki kwenye boti. Kila mtu aje na kopo lake.